Kopo la Aiskrimu na Mabenchi ya Kwaya

Lautoka, Jumatatu, 3 Machi
Nimemwambia Mama Titilia, mwenye kiwanda cha mbao za plastiki, kwamba mimi Ilaitia nimegundua njia ya kuchanganya chupa za sabuni na nyavu za nailoni bila kiunganishi, zile punje ghali za kuzishikanisha. Moto mkali tu na mkono wa fundi! Kafurahi. Mabenchi ya mbao hizo kwa kwaya ya kanisa lake yakihimili Jumapili, mimi ni mkuu wa maabara. Yakivunjika, nirudi kijijini nikalime mihogo. Mama yangu nimeshamwambia kuwa cheo nimepata.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu. Nyundo imegusa tu, ubao vipande viwili! Kwenye hadubini, nailoni imejikusanya vidonge vidonge, imeng'oka na kuacha mashimo. Haitaki undugu na chupa. Nimetia konzi ya kiunganishi: vidonge vimekuwa vidogo kama semolina, vimeshikana na wenzao, nyundo imeambulia patupu. Basi, nitakitia kwa siri. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kiunganishi nilikificha kwenye kopo la aiskrimu ninalobebea chakula. Vasemaca, mwendesha mashine ya kuyeyushia, kalichukua mchana kweupe. Kwao na kwetu ni watani tangu mababu. Akichukua changu, kununa ni aibu. Kanicheka: eti kwetu hatujui kupika, ananiokoa na mihogo yangu mibichi. Nitalidaije? Nikitaja kilichomo, nimejivua nguo. Nimetabasamu. Mabenchi yametoka mashineni saa tisa, na mimi sikutia kitu.

Jumapili, 9 Machi
Wanakwaya kumi benchi moja, mwembamba hayupo. Mama Titilia katikati! Nimetoka jasho mpaka kwenye kandambili. Wameinuka, wameketi, wameinuka. Benchi kimya! Asante Bwana! Wimbo wa tatu nimelia, watu wakadhani nimeguswa na Roho. Kumbe moto mkali unatosha kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Vasemaca kaniuliza polepole: tangu lini watu wa kwetu wanakula punje za plastiki? Alhamisi ileile alifungua kopo akitaka samaki, akazitambua, akazimimina zote kwenye mdomo wa mashine, akidhani nimesahau kuzitia. Mama Titilia hataambiwa, mradi kila Ijumaa kichwa cha samaki wangu kiwe cha Vasemaca. Nimempa na mkia! Nimeponea chupuchupu, sijawahi kupumua vizuri hivi.

Mkuu wa maabara ni mimi. Nimeshamwahidi Mama Titilia meza za shule, bila kiunganishi. Safari hii sibahatishi. Nimekificha kwenye kopo jipya, na juu nimeandika kwa herufi kubwa: SAMAKI WA NAZI.