Mtandao wa Kusafiria Hadi Jamhuri

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Naahidi kuandika kila kitu humu bila kuficha. Hata yale yatakayonionyesha mjinga. Sitarajii yawe mengi.

Habari njema kwanza. Nimeingia fainali ya shindano la kusoma hadithi! Watatu watachukuliwa kuwasomea watoto redioni, wiki nzima, katika studio ya mjini. Ninaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Nyumbani sijasema nilivyo na hamu. Nafua soksi na kunyamaza.

Habari mbaya. Fainali ni Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa mtandao, majaji wakituona nyuso. Jumamosi hiyo hiyo kaka yangu Macharia anaoa. Saa tatu nitakuwa ndani ya gari la arusi, mahali fulani kati ya kwetu Mutuini na kwa kina bibi arusi, Jamhuri.

Habari mbaya zaidi. Debra wa darasa letu pia yumo fainali, na bibi arusi ni binamu yake. Wanaishi nyumba moja. Yeye atasoma akiwa kwenye kochi. Nilipompigia akasema pole sana Wanjugu, basi utajaribu mwaka ujao.

Mwaka ujao! Nina laptopu kuukuu ya Macharia. Kilichobaki ni kuchagua kampuni ya mtandao wa kusafiria.

Jumanne, 12 Agosti

Leo utafiti. Mwalimu Nthenya hutuambia: uliza wengi, linganisha, kisha uamue. Nimeuliza kila aliyepita langoni.

Ndegwa wa bodaboda alisema nichukue Popote, haijawahi kumwangusha. Abiria wake akasema Popote ni wezi, na kwamba Ndegwa mwenyewe alimwangusha juzi. Wakaondoka wakibishana. Peres wa mboga alisema Kilele ndiyo yenyewe, mradi usimame upande huu wa meza yake. Upande wa sukuma wiki hakuna kitu.

Nikamfuata Zadock, mpangaji wa Baba. Yeye hushinda chumbani kwenye kompyuta, kwa hivyo anajua. Akasema Upesi. Nikafurahi. Hata sisi tuna Upesi! Akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo hiyo hiyo yetu anayotumia, Macharia alimpa neno la siri, na tafadhali mzee asijue.

Nimelinganisha. Nimeamua. Kwa nini kununua mtandao na tunao nyumbani? Nitabeba rauta yetu.

Jumatano, 13 Agosti

Jaribio. Nimeifunga rauta ndani ya sweta, nikaitia kwenye begi pamoja na betri ya kubeba, nikaenda nayo mpaka Jamhuri. Nikakaa kando ya ua wa uwanja wa maonyesho. Nikaiwasha. Taa nyekundu. Nikaizima, nikaiwasha. Nyekundu.

Nikaipigia Upesi. Mama mmoja mpole sana akaniuliza niko wapi. Nikamwambia. Akasema rauta hiyo imesajiliwa Mutuini, haifanyi kazi kwingine. Nikasema imekuja kutembea tu. Akasema huwa haitembei. Akauliza kama kuna jingine analoweza kunisaidia.

Kurudi nyumbani nikakuta wapangaji wote watano wamemzunguka Baba uani. Zadock alikuwa mbele, akiuliza kwa heshima mtandao utarudi saa ngapi, mzee, maana tuko na kazi. Baba akauliza mtandao upi. Mmoja akaanza kutazama viatu vyake. Baba akasema kumbe anapangisha vyumba na waifai bure, si wangemwambia awaletee na chai! Kisha akaona begi langu. Antena ilikuwa imejitokeza.

Amebadilisha neno la siri. Mimi alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma bili.

Alhamisi, 14 Agosti

Popote. Nimefikia uamuzi huo kwa sababu ya tangazo lao: “Popote ulipo, tupo.” Nami sitajua nilipo, kwa hivyo inafaa.

Kikwazo: laini husajiliwa kwa kitambulisho, nami nina miaka kumi na mitano. Mama akasema asisikie habari ya laini mpaka arusi ipite. Baba sikumkaribia. Akabaki nyanya yangu, Shosho Wangui.

Tukaenda mjini, duka la Popote, Moi Avenue. Kijana wa kaunta akasema Shosho apigwe picha. Shosho akakataa kupigwa picha na kofia ya sufu. Alitaka kitambaa chake cha kina mama wa kanisa, nacho kiko Mutuini. Kijana akasema hii si picha ya ukutani, shosho, ni ya kompyuta tu. Shosho akamuuliza mamake ni nani, na kama ndivyo alivyomfundisha kuongea na watu wazima. Foleni nzima ikawa upande wa Shosho. Mwanamke mmoja akavua kitambaa chake, akamfunga. Picha ikatoka nzuri. Shosho akataka nakala.

Njiani akaniuliza mtandao huu wote ni wa nini. Nikamwambia. Nikamwambia mpaka ile sehemu ya hamu. Akanishika mkono mpaka steji ya matatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepima Popote kwa simu ya Mama. Sebuleni, nzuri. Kwenye banda la ng'ombe, nzuri zaidi. Laptopu sikuiunganisha, isije ikala bando bure. Haijaonja mtandao tangu mwaka jana. Itavumilia siku moja zaidi.

Kila kitu tayari. Siwezi kula.

Jumamosi, 16 Agosti

Tulifika Jamhuri saa tatu ikikaribia. Lango limefungwa. Ndiyo desturi: kina mama wa bibi arusi ndani, wetu nje, na hakuna kuingia mpaka tuimbe na kubembeleza vya kutosha. Safi kabisa! Wao wakashuka kuimba. Nikabaki garini peke yangu na gauni tulilomletea bibi arusi, laptopu, na simu ya Mama.

Nikaiunganisha laptopu na simu, yenye ile laini ya Popote. Mtandao ukaja kwa nguvu. Laptopu nayo, baada ya njaa ya mwaka mzima, ikaanza kujisasisha. Haikuniuliza. Nikafungua ukurasa wa majaji, duara likazunguka, likazunguka. Kisha ujumbe: Mpendwa mteja Wangui, bando lako limekwisha.

Nikakimbia langoni. Nikachungulia penye tundu. Upande wa pili, jicho la Debra.

Nikamwambia naomba simu yako, wananiita sasa hivi. Akauliza nani anabisha. Nikasema Debra, unanijua. Akasema anachojua ni kwamba watu wa Macharia hawaingii bila wimbo. Nyuma yake wakapokea: aimbe! Aimbe! Nikasema sijui kuimba. Sauti moja ikasema, “Hata ng'ombe wa Mutuini hujaribu!” Hapo kina mama wetu wakaona tumetukanwa, wakanisukuma mbele.

Niliimba. Peke yangu. Ubeti mzima.

Ndani kikatokea kicheko cha kutikisa lango. Mlango mdogo ukafunguka, mkono ukanivuta ndani, ukafungwa tena mbele ya pua ya shangazi yangu.

Debra alikuwa amekwisha soma. Alinisimamisha jikoni katikati ya sufuria za pilau, akanishikia simu kwa mikono miwili. Nilipoanza kusoma mbio akatikisa kichwa: polepole. Nikasoma polepole. Niliwasahau majaji. Nilimsahau hata yeye. Nilipomaliza, jaji mmoja akauliza ni akina nani wanaoimba huko nyuma. Nikasema ni familia yangu, bado wako nje.

Kwa nini Debra alinisaidia? Nitalichunguza.

Jumatatu, 18 Agosti

Majina matatu yametoka. La kwanza ni Debra. Sawa. La pili silijui. La tatu ni Wanjugu.

Mimi!

Mama alinikumbatia na unga mikononi. Baba alisema hongera, kisha akaenda kuhakikisha rauta iko mahali pake.

Nimeitafakari wiki hii yote kwa utulivu, na kosa liko wazi. Nilichagua kampuni isiyofaa. Popote ni wezi, abiria wa Ndegwa alisema kweli.

Studio imeandika kwamba tusibebe chochote, kila kitu kipo. Ndivyo wanavyosema watu ambao hawajawahi kukwama. Wako ghorofa ya kumi na mbili. Zamu yangu ya kusoma itanikuta wapi? Ndani ya lifti! Safari hii nitajiandaa mapema. Debra hutumia Kilele, na Kilele sijaijaribu. Nimemtumia ujumbe sasa hivi, naunakili hapa ulivyo:

Debra, nijibu ukisoma hii, nakungoja na simu mkononi. Hiyo Kilele yako hushika ndani ya lifti ikiwa inapanda, au mpaka ishuke?