Mniko Alivyomvushia Mama Mkwe Moto

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Hiyo ndiyo sauti iliyoanzisha vita. Sogeeni, enyi mnaokaa karibu na mafiga, na enyi mnaokaa mbali mkijifanya hamsikii baridi. Mwacheni mtoto anyonye, mwacheni mbwa alale, mpate kusikia habari za Mniko mwana wa Magige, mfukuza fisi, mbeba ndama begani, dume lililovuka mto Mara maji yakiwa kifuani, na jinsi alfajiri moja huko Nyambureti alivyovuka barabara.

Barabara yenyewe haikuwa pana. Mbuzi aliivuka huku akitafuna. Lakini mwaka ule wa sabini na nne, watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, alikuja kijana wa mipango na kamba yake na vigingi vyake, akazinyoosha nyumba kama askari wa gwaride, wala hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Alipomaliza akajifuta jasho akaenda zake. Ndipo ilipoonekana kwamba mlango wa Mniko unatazamana uso kwa uso na mlango wa Bibi Waisiko, mama mzazi wa mkewe Ghati. Na kwa Wakurya mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawakai chini ya paa moja. Ni heshima kubwa, na ni nyepesi sana kuibeba mkiwa mnaishi vilima viwili mbalimbali.

Tangu siku hiyo mfukuza fisi alitoka nyumbani mwake kwa tundu alilotoboa ukuta wa nyuma, kama panya. Waisiko naye, akienda kisimani, alijifunika khanga kichwani mpaka akawa anaparamia ng'ombe za watu na kuziomba radhi. Katikati yao alikuwa Ghati. "Mwambie mumeo." "Mwambie mama yako." Miguu ya binti yule ilichonga njia kati ya milango miwili.

Sasa Ghati alikuwa amejifungua, mtoto wa kwanza, Rhobi, na hakuruhusiwa kutoka nje. Kila alfajiri Waisiko alipika uji wa ulezi kwake, akakohoa barabarani, Mniko akapotelea tunduni, ndipo bibi akaingia na kibuyu. Uji ule ndio ulioleta maziwa. Mniko alikwisha kujaribu kuupika yeye mwenyewe. Mbwa aliunusa, akamtazama bwana wake kwa huruma, akaondoka.

Kwaru, kwaru. Ilikuwa njiti mbichi ya kiberiti kibichi, kutoka ng'ambo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na duka la kijiji lilikuwa na majembe mengi na kiberiti hata kimoja hakuna.

"Baba Rhobi," akaita Ghati. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Moto wa mama umezimika. Chukua makaa umpelekee."

Mniko akasimama. Akatupia blanketi begani, akaihutubia nyumba nzima, mbwa akiwemo.

"Ewe binti wa Waisiko! Niambie nikamtoe chui shimoni, nitakwenda. Niambie niende Tarime kwa miguu nikalete chumvi, nitakwenda na nitarudi na chumvi. Lakini mimi, mwana wa Magige, nikasimame mbele ya mama yako na kigae cha makaa mkononi? Mtume Nyangi jirani!"

"Nyangi yuko Mugumu kwa mgonjwa." Ghati hakupandisha sauti. "Mwanao amenyonya huku, amenyonya huku, na bado analia. Na mimi nimechoka kuwa barabara, Baba Rhobi. Mngepatana ninyi wawili, hata kwa migongo tu, ningelala usingizi."

Shujaa akamtazama mtoto, ngumi zake ndogo, mdomo wazi.

"Migongo," akasema.

Akachota makaa kwenye kigae, akayafunika majivu ili upepo usiyaonee, akaufungua mlango wa mbele, ule uliosahau mkono wake. Ghati akapaza sauti kutoka kitandani: "Mama! Moto unakuja!" Naye Mniko akaipa barabara mgongo, akaanza kuivuka kinyumenyume.

Lo, safari ile! Matope yalimshika visigino. Jogoo wa Nyangwine balozi wa nyumba kumi, jogoo dhalimu mwenye kilemba chekundu, akamrukia shavu la mguu, na shujaa hakuwa na mkono wa kujitetea. Kisha akatokea Nyangwine mwenyewe, jembe begani.

"Mniko! Umerogwa, au ni agizo jipya?"

"Pita zako, balozi."

"Kama ni agizo, mbona mimi sikuambiwa?" Akasimama akafikiri. Mwisho akageuka, naye akaenda shambani kinyumenyume, asije akaonekana amechelewa kutii.

Kumbe ng'ambo nako heshima ilikuwa imeamka. Waisiko, aliposikia moto unakuja, alichukua kigae chake, akampa mkwewe mgongo, akatoka kumpokea. Basi majeshi mawili yakasonga, kila moja likiangalia lilikotoka, na katikati ya barabara yakagongana, mgongo kwa mgongo. Makaa yakaruka. Tsss, tsss, matopeni.

Hakuna aliyegeuka.

"Nani amenigonga?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe una mgongo mpana hivi! Ghati aliniambia umekonda."

"Mama, moto umeanguka."

"Wote?"

"Limebaki kaa moja. Liko kwako, karibu na mguu. Lipulize."

"Pumzi ya mzee itapuliza nini? Puliza wewe."

"Nikigeuka nitakuona."

"Basi nitafumba macho."

"Ukifumba wewe, mimi bado naona."

"Fumba na wewe!"

"Na moto tutauonaje, mama?"

Waisiko akaanza kucheka. Mniko aliuhisi mgongo ule mdogo ukitetemeka kwenye wake, na kabla hajajizuia, naye akacheka, mfukuza fisi, mpaka jogoo akakimbia. Kisha bibi akajifunika khanga uso mzima. Mniko akageuka, akapiga magoti matopeni, akalipuliza kaa lile kama mtu anayempuliza mtoto jichoni. Likawa jekundu. Akaliokota kwa vidole vitupu akaliweka kwenye kigae cha mama mkwe.

"Umeungua?" ikauliza khanga.

"Hapana, mama," akadanganya.

Asubuhi hiyo uji ulivuka barabara katika vibuyu viwili, cha Ghati na cha Mniko, na juu ya jani kulikuwa na samli kidogo ya vidole ambavyo havikuungua. Ghati alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Kabla ya jua kuzama Mniko aliliziba tundu la nyuma kwa udongo, na Nyambureti nzima ikajua kwamba dunia imebadilika.

Alfajiri iliyofuata, shujaa akiwa macho, sauti ikatoka ng'ambo.

Kwaru.

Safari hii njiti iliwaka mara moja, maana kiberiti kilikuwa kimelala kando ya mafiga. Mniko akaiona nuru katika upenyo wa mlango wa Waisiko. Kisha akasikia, wazi kabisa, mtu akivuta pumzi, na: puu. Giza.

"Mkwe wangu!" sauti ikaita. "Moto umezimika tena. Njoo, baba. Njoo kama jana."