Chama cha Mashine Tano

Jumatatu, 4 Novemba

Mgongo umekataa. Nimebeba madumu ya dizeli, nimepiga deki, nimebeba tena. Watu husema wameweka vitu vyao kwenye wingu. Wingu lenyewe liko Baba Dogo, kati ya kiwanda cha sabuni na karakana ya wachomeleaji, na mimi ndiye nalipiga deki. Baridi iliyomo! Navaa sweta mbili na koti la kanisani.

Lakini leo kuna habari. Injinia Norah ametangaza kwamba nyumba ya nyuma, chumba na jiko, itapewa mtunzaji wa jengo. Bwana Ndete, mwenye kampuni, anakuja Ijumaa kuchagua mtu kati yetu. Yaani mimi au Obura, askari wa geti. Wavinya wa chai simhesabu.

Nyumba yenye jiko! Wayua angekuja kutoka Mwingi. Tumekuwa mume na mke wa simu hadi binti yetu Kathini ananiita Hello.

Obura amenicheka. Ati, omera, ndugu yangu, mtu anayeogopa baridi ya kompyuta atatunza jengo gani? Nimemkumbusha kwamba yeye huingia mle kila adhuhuri kulala nyuma ya mashine. Amesema ile ni doria. Doria ya kukoroma!

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwomba Norah anieleze hizi mashine, ili Ijumaa nijibu kama mtu. Shule niliachia darasa la sita, lakini nimeelewa kila kitu. Seva ni tano. Zote zinajua kazi ile ile. Moja ikianguka, zingine huchukua kazi yake kabla mteja hajapepesa jicho. Ikianguka ile inayoongoza, zilizobaki hupiga kura na kupata kiongozi mwingine. Sharti ni kwamba zilizobaki zizidi nusu. Zikipungua hapo, zote hunyamaza, zisije zikasema kila moja lake.

Nimeruka juu! Hiki ni chama chetu cha mazishi cha watu wa Mwingi! Akidi! Tusipozidi nusu hakuna kikao, tunakunywa soda na kurudi makwetu. Tofauti ni kwamba mwenyekiti wetu huanguka kila Jumapili, kwa pombe, na hakuna aliyewahi kupiga kura.

Nimezipa mashine majina. Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, na Wanachama wawili wa kawaida, wale wa chini karibu na ndoo yangu.

Na hapo nikapata wazo. Mtunzaji ni mtu wa kugundua mambo. Ili ugundue jambo, lazima jambo liwepo. Nitaliweka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeanza na Mwanachama wa kawaida. Mwanachama wa kawaida akikosa kikao nani huuliza? Nimechomoa waya wake. Hakuzimika! Kumbe kila mashine ina waya mbili, kama mzee mwenye wake wawili: akifukuzwa huku, analala kule. Nimechomoa na wa pili. Taa zikafa. Nikatupa mopu, nikakimbia nikipiga kelele kwamba moja imeanguka.

Norah alikuwa anakula chapati. Hakuinua hata kichwa. Alisema simu yake ilikwisha kumwambia, kazi imehamia kwa zingine, atakwenda kuitazama akimaliza chai.

Akimaliza chai! Mtu ameanguka! Nimesimama pale na huzuni yangu yote bila wa kumpa. Sijawahi kuona msiba usio na waombolezaji kiasi hiki.

Baadaye alirudisha waya na kuniambia nipige deki polepole. Lakini kisha akasema: asante, Matheka, una macho. Mbele ya Obura! Obura akawa kama amemeza limau.

Jioni nimempigia Wayua. Nimemwambia nyumba tumepata. Ni karibu kweli. Amepiga kigelegele, akasema atapanda basi Jumamosi, kuku wa jirani hawezi kumzuia tena. Sikuelewa habari za kuku. Nimesema sawa.

Alhamisi, 7 Novemba

Obura ameanza kuniiga. Saa nne alikuja mbio akidai ameona moshi kwenye chumba cha mashine. Norah akaruka na mtungi wa kuzimia moto. Ulikuwa mvuke wa sufuria ya Wavinya kupitia dirishani. Wavinya alimwambia Obura kwamba hata moto wa chai hajui, na anataka kulinda seva? Nimecheka hadi mgongo ukapona kidogo.

Lakini nimejifunza. Moja ikianguka haitishi mtu. Kesho, Bwana Ndete akiwa hapa, nitaangusha mbili: wale Wanachama wote wawili. Zitabaki tatu. Tatu kwa tano ni akidi, kikao kinaendelea, hakuna mteja atakayeumia. Lakini mkubwa ataona taa zimekufa, na mimi niko juu ya jambo. Nimepiga hesabu mara mbili. Haina shimo.

Obura amenitangazia kwamba amehama chumba chake Kariobangi. Amemrudishia mwenye nyumba funguo, kwa vile kesho atakuwa na jiko. Maskini. Nimemhurumia kikweli.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Bwana Ndete alifika na suti ya kijivu. Norah alikuwa anamtembeza uani. Nikaingia ndani na mopu. Nikainama. Nikachomoa Mwanachama wa kwanza, waya mbili. Wa pili, waya mbili. Taa zao zikafa vizuri. Nikangoja zile tatu ziendelee.

Hazikuendelea! Nilitazama juu. Katibu alikuwa amekufa. Mimi sikumgusa Katibu! Waliobaki ni Mwenyekiti na Mweka Hazina, wawili, wanatazamana, hakuna akidi.

Kimya. Kisha simu. Ya mezani, ya Norah, hata ya Bwana Ndete mfukoni. Duka la magodoro la Buruburu haliwezi kuuza. Shule moja ya mtaa wa Fedha haioni matokeo ya wanafunzi. Mama mmoja alikuwa katikati ya kulipia sofa, anauliza kama sofa ni yake au si yake.

Nikakimbia nje kutoa taarifa. Mlangoni nikagongana na Obura, ametokea nyuma ya mashine, naye anakimbia kutoa taarifa. Tukaanguka pamoja miguuni pa Bwana Ndete. Nikasema nimegundua jambo. Bwana Ndete akatazama mkono wangu. Nilikuwa bado nimeshika waya.

Ningejitetea, lakini Obura alinitangulia. Alipaza sauti, walahi mkubwa, mimi nimechomoa moja tu! Moja tu! Hizo zingine sizijui!

Mwizi! Aliniibia wazo! Nami niliyepiga hesabu mara mbili, nani angeniambia nimhesabu na Obura?

Tuliporudi ndani tulimkuta Wavinya. Alikuwa ameleta chai ya mgeni. Plagi zilizobaki zilikuwa ukutani na taa zinawaka moja moja. Alisema amezirudisha kwa sababu hapendi plagi zikilala sakafuni penye maji, mtu atajikwaa na birika. Baada ya muda mashine zikapiga kura zao, zikapata mwenyekiti, na simu zikanyamaza. Sofa ikawa ya yule mama.

Bwana Ndete alikunywa chai yote. Akasema mtunzaji ni Wavinya, na sisi wawili twende nyumbani tusirudi. Norah akamnong'oneza. Baadaye Wavinya alinisimulia alichosema: hapa tuko wanne, wawili wakiondoka pamoja hatuzidi nusu, dizeli itabebwa na nani?

Nimeokolewa na akidi. Nimepelekwa kwenye jenereta, nje, pamoja na Obura. Mlango wa seva nisiuguse hata kwa kitambaa.

Obura hana pa kulala. Ameniomba kwangu. Nimekataa. Yuko hapa, upande wa ukutani.

Jumamosi, 9 Novemba

Wayua amefika. Nilisahau kumpigia. Hapana, niandike ukweli: niliogopa kumpigia. Ameshuka na magunia mawili, Kathini, na kuku wa jirani ambaye sasa ni wetu. Ameniuliza, Baba Kathini, jiko liko upande gani? Nikamwonyesha kwa kidole, kwa mbali, kupitia uzio.

Akacheka, na kile kicheko kilinichoma kuliko matusi. Aliniambia ameuza mbuzi wake wa maziwa kwa ajili ya jiko hilo.

Wavinya alitoka, wakasalimiana, wakajuana. Kwao ni ng'ambo tu ya mto wa kwetu. Wavinya akamwambia: mama, ingia, mtoto asilale kwa huyu na yule askari wake. Waliingia wote, hata kuku.

Jumatatu, 11 Novemba

Wavinya akawa mtunzaji. Birika likabaki bila mtu. Asubuhi Wayua akalishika, bila kuulizwa, na saa nne Norah akasema hajawahi kunywa chai kama ile. Amepewa kazi. Analala kwenye nyumba yenye jiko, umbali wa kutupa jiwe. Mimi nalala na Obura, ambaye hukoroma doria usiku kucha.

Nimewaza. Moja ilianguka, nyingine ikachukua kazi yake, nyingine ikachukua ya ile. Hakuna mteja aliyepepesa jicho. Chai ilikuja kwa wakati. Wayua alinipa kikombe cha mwisho, akaniuliza kama Hello anatumia sukari. Kathini alicheka sana.

Sharti nirudishe heshima yangu. Mke wangu lazima aone kwamba mimi si waya uliochomolewa. Na leo nimetazama vizuri huku nyuma. Jenereta ni mbili! Moja ikizima, nyingine inashika papo hapo, Norah mwenyewe amesema. Keshokutwa Bwana Ndete anarudi na wageni. Stima ikipotea kidogo, na hapa Baba Dogo itapotea tu, nitakuwa nimezima moja. Moja tu, safari hii. Itabaki nzima moja, na mimi nitakuwa wa kwanza kugundua.

Hesabu haina shimo. Kitu kimoja tu sikielewi. Tangu mchana Obura amesimama kando ya ile jenereta ya pili, anaitazama, anatabasamu peke yake.

Sijui ana nini huyo.