Majivu, Ndimu na Bolti za Abilahi

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Lindi.
Abilahi kapewa funguo za stoo ya spea za ndege. Abilahi! Mimi Klementi, niliyesoma misheni ya Kipatimu hadi darasa la nne, bado nafukuza mbuzi kiwanjani ndege isije ikawakanyaga. Yeye anakaa kivulini na bolti. Funguo kazitundika kiunoni, akitembea zinalia. Siku hizi anatembea sana.

Kuna baya zaidi. Jumamosi Injinia anakuja kutoka Dar es Salaam kuchagua mmoja wetu akasomee ufundi wa ndege. Mmoja tu. Roho inaniuma.

Jumatano, 5 Agosti.
Stefania, anayeuza vitumbua getini, kampa Abilahi vya moto. Mimi kanipa vya jana, akasema njaa yangu haichagui. Nimekula kwa hasira. Vilikuwa vitamu, na hilo limenikera zaidi.

Nikaenda stoo kutafuta kasoro. Abilahi akajidai kunifundisha. Eti kila bolti ya ndege ina karatasi yake yenye mhuri, isiyo na karatasi ni chuma chakavu. Eti hata ya baiskeli ikifanana nayo kama pacha, haifungwi kwenye ndege. Eti hata mafuta yakigusa matairi ya ndege, mpira hulainika na kupasuka. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Macho yangu yalikuwa kwenye bolti. Zimefifia, zina unjano unjano. Mtu kapewa stoo na hajui kusafisha. Nimemkamata.

Ijumaa, 7 Agosti.
Desturi yetu: Ijumaa yeye akienda msikitini mimi nashika funguo, Jumapili mimi nikienda misa yeye anafukuza mbuzi. Leo kaniachia funguo bila wasiwasi. Maskini.

Nilikuja na majivu, ndimu na kumbi la nazi, vile mama anavyosugua masinia ya harusi. Nikazitoa bolti kwenye pakiti, nikasugua sanduku zima. Hotuba ilikuwa ndefu, namshukuru khatibu. Unjano wote umetoka. Zinameta kuliko vikuku vya bibi harusi. Zile karatasi nimezichoma, zilikuwa zinachafua meza.

Jumamosi, 8 Agosti.
Ndege ilitua. Injinia akataka bolti ya kubadilisha kwenye gurudumu. Abilahi akafungua sanduku, akaokota bolti moja akaigeuza geuza. Injinia akauliza nani kafanya haya. Nikaona Abilahi anataka kufungua mdomo. Aninyang'anye sifa? Nikamuwahi, nikasema ni mimi, peke yangu, bila msaada wa mtu.

Injinia akawa mwekundu. Akaeleza, taratibu mno, kwamba ule unjano ndio dawa ya kuzuia kutu, na kwa hewa hii ya chumvi bolti zangu zitaoza. Tena bila karatasi hafungi nazo hata ndoo. Ndege italala hapa hadi spea nyingine ziletwe kwa lori. Akaniambia nikusanye vitu vyangu niondoke. Sina vitu. Nina fimbo ya mbuzi.

Jumatatu, 10 Agosti.
Abilahi kachaguliwa. Ataondoka na ndege ikishatengenezwa. Stefania keshaanza kumtayarishia vitumbua vya njiani.

Kumbe jana nilipokuwa misa Abilahi alikwenda kumwomba Injinia nisifukuzwe. Alisema nina bidii, nahitaji tu kuelekezwa. Injinia akakubali. Nimebaki na mbuzi. Nilimshukuru mbele za watu. Baadaye nikatafakari. Hakuna mtu anayemwombea mwenzake bure. Nimeelewa: ananionea wivu. Anajua nikifika mjini nitampita, ndiyo maana kanifunga hapa.

Funguo kapewa Yohana, mgeni kutoka Kiswere. Tayari ana mwendo wa maringo. Hata hajaona kwamba matairi ya ndege yamepauka kama miguu ya mtu asiyejipaka mafuta. Mimi nimeona. Nimemwomba Stefania mafuta ya nazi, chupa nzima, nami kesho asubuhi nitayapaka matairi yote kabla Injinia hajaamka.