Siku Niliyochora Mimbari kwa Mkono

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kanisa. (Sawa, kanisa lenyewe lilikuwa watu wawili. Lakini waliona yote.)

Kwa wasiojua, nasoma usanifu wa ndani, mwaka wa tatu, na sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika karakana ya samani huku Igogo. Bosi wangu ni Mama Kabula, fundi seremala. Mikono yake ni msasa, na mdomo vilevile. Kazi yangu mimi ni kuchora. Na kwenye kompyuta, bila kujisifu, mimi ni moto! Nikikuchorea kabati utataka kulifungua.

Saa tatu asubuhi wakaingia wageni wawili kutoka Sengerema: Katekista Bwire, mzee mpole ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, na Mama Anastazia, mshonaji, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kigango chao. Walifuata mchoro wa mimbari mpya. Kamati ilikuwa inakutana leo leo, saa kumi jioni, kuamua kazi tupewe sisi au karakana nyingine. Kwa hiyo ilibidi wapande kivuko cha saa saba wakiwa na karatasi mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wewe ndiye mchoraji?"

"Ndiyo, mimi!" (Kifua mbele. Mungu anisamehe.)

Nikawasha kompyuta. Ikaandika: inajisasisha, asilimia tatu, usizime.

Tukasubiri. Asilimia tatu. Tukanywa chai. Asilimia tatu. Katekista akainama, akaitazama kwa huruma, akasema taratibu, "Labda inasali."

Mama Kabula akainuka. Akaingia stoo, akarudi na ubao wa kuchorea, rula kubwa yenye umbo la T, penseli na karatasi. Akavitua mbele yangu.

"Chora kwa mkono."

"Kwa mkono, mama?"

"Ulitaka kwa mguu?"

Hapa niwe mkweli. Kuchora kwa mkono tulifundishwa mwaka wa kwanza, muhula mmoja. Nilichofanya mimi ni kuchora kwenye kompyuta, kuchapisha, kubandika kwenye kioo cha dirisha na kufuatisha mistari kwa penseli. Nilipata A. (Mwalimu, kama unasoma, haya ni maneno ya kupita tu.)

Nikaanza. Mstari wangu wa kwanza ulianza mwembamba kama uzi, ukaishia mnene kama kamba ya ng'ombe. Nikashangaa kweli. Penseli ileile, mkono uleule, kwa nini? Nikamuuliza Mama Kabula. Akanipokonya penseli, akavuta mstari huku akiizungusha polepole kati ya vidole.

"Ukiizungusha, ncha inalika sawa pande zote. Usipoizungusha, inalika upande mmoja, mstari unanenepa."

Nikajaribu. Ukatoka! Mwembamba mwanzo hadi mwisho! Nikavuta mwingine. Nikavuta mitano ya bure, nione tu kama itarudia. Kumbe watu walikuwa wanajua mambo haya siku zote na hakuna aliyeniambia?

"Binti, kivuko," akakohoa Mama Anastazia.

Haya. Nikachora mimbari jinsi inavyoonekana ukisimama mbele yake, na ngazi zake tatu ubavuni. Chini yake nikachora inavyoonekana ukiitazama kutoka juu. Jasho linanitoka, kiganja kinapaka wingu jeusi kila kinapopita. Nikataka kuhakikisha kona ya ngazi imekaa sawa, nikaweka vidole viwili juu ya karatasi, nikavitanua ili nikuze.

Kona haikukua. Nikatanua tena, kwa nguvu kidogo.

Nilipoinua kichwa, Katekista alikuwa ameshavua miwani yake ananinyooshea.

"Chukua, mwanangu. Hata mimi nilianza hivyohivyo."

"Hapana mzee, nilikuwa... nafuta vumbi."

Nikamaliza saa tano na nusu. Mama Anastazia akaivuta karatasi, akaitazama kama anayekagua gauni la bibi harusi.

"Hizi ngazi ziko pande mbili?"

"Hapana mama, upande mmoja tu."

"Mbona ukisimama mbele ziko kushoto, na ukitazama kutoka juu ziko kulia?"

Ni kweli. Kwenye kompyuta nachora kitu mara moja, kinajigeuza chenyewe kila upande. Sikuwahi hata kujiuliza kinajuaje.

"Mimi nakata vitambaa," akaongeza, bila ubaya. "Mkono wa kushoto siupeleki bega la kulia."

"Dakika kumi tu!" nikasema. Maana nilikuwa na ujanja wangu. Nikageuza karatasi, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikaweka nyingine juu yake na kufuatisha kila kitu. Kulia kunakuwa kushoto, kushoto kunakuwa kulia, shida kwisha! Mkono ulikimbia. Nikawakabidhi kwa mikono miwili.

Katekista akavaa miwani. Akasoma. Akasogeza karatasi mbali, akairudisha karibu.

"I-rab-mim," akasoma kwa heshima. "Kilatini nilikigusa kidogo, lakini neno hili silikumbuki."

Nilifuatisha na maandishi! MIMBARI, NGAZI, vipimo vyote, kila kitu kinasomeka kinyumenyume!

Ningezimia hapo yangeisha. Lakini Mama Anastazia alikuwa bado anakagua. "Na mwanzo mbele ilikuwa kushoto, juu kulia. Sasa mbele ni kulia, juu kushoto." Akanitazama usoni. "Si umehamisha kosa zima zima?"

Mama Kabula alicheka mpaka akakalia ndoo ya gundi. Mafundi watatu wakaacha randa wakaja kusoma Kilatini. Mmoja akapiga ishara ya msalaba.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilitaka pia kujua, nikauliza huku machozi yananilenga: zamani mlikuwa mnajuaje ngazi ziko wapi? Mama Kabula akafuta macho, akabandika karatasi safi, akachora umbo la mbele. Halafu kutoka kila kona akashusha mstari hafifu wima hadi chini.

"Usikisie. Teremsha. Kona ya juu inaiambia ya chini ikae wapi."

Nikateremsha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ngazi zikajikalia mahali pake, zenyewe, chini ya mkono wangu. Nilisisimka, nisiwadanganye. Mwaka wa tatu huu, na ndiyo kwanza naona kompyuta huwa inafanya nini nikibofya!

Saa sita na nusu wakaondoka na mchoro, wingu jeusi kidogo tu pembeni. Jioni Mama Anastazia amepiga simu: kamati imekubali, kazi ni yetu, kwa sharti moja. Michoro yote ianze kupita kwake.

Na kesho Mama Kabula amenipangia kuchora stuli. Stuli, jamani! Atakayecheka hataikalia.