Mgonjwa Mwenye Droo Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Cheo cha mkuu wa kitengo kiko wazi. Tunaokiwania ni wawili: mimi na Miwani, jirani yangu wa meza. Mkurugenzi kasema atakayeandika programu bora ya kusoma mafaili ya XML ya zahanati, yale ambayo kila taarifa huwekewa lebo ya jina lake, kufikia Alhamisi, cheo chake. Mama mkwe nimeshamwambia nimekipata. Haraka haraka haina baraka, najua. Lakini alikuwa ananitazama vibaya.

Jumanne, 4 Machi
Miwani anaandika kila sifa ya mgonjwa kwa mkono: jina, umri, uzito. Ziko mia na arobaini. Maskini. Yangu haiandikiwi kitu. Inafungua faili, inakuta lebo, inaunda sifa papo hapo. Ikikuta lebo ya umri, mgonjwa anapata umri. Saa nane nimemaliza. Nikampelekea Miwani chai, nimwone anavyohangaika. Akashukuru, akauliza programu yangu hukataa nini. Nikamjibu haikatai kitu, imelelewa vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimeijaribu kwa faili la mteja mwingine, duka la samani. Imelisoma lote bila kulalamika. Nimeliacha kwenye folda ya zahanati, yote yawe karibu. Mke wangu anasema mama yake ameshawatangazia majirani.

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi mkuu wa zahanati alikuja kushuhudia. Nikafungua faili kwa mbwembwe, bila kutazama ni lipi. Kwenye skrini akatokea mgonjwa mwenye miguu minne na droo mbili, kapakwa vanishi. Chini yake, kwa kijani: kila kitu sawa. Muuguzi akauliza kwa upole huyo amelazwa wodi gani. Mkurugenzi akajifanya anakohoa. Programu ya Miwani ilipopewa faili lilelile, ililikataa mlangoni: halina jina la mgonjwa wala umri. Cheo kikaenda kwa Miwani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miwani hakucheka. Alikuja kuniomba tuunganishe nguvu: programu yangu iunde sifa, masharti yake yakague kinachoingia. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkatalia Miwani. Kuandika masharti kwa mkono ni ushamba. Nimetengeneza programu inayojitungia masharti yenyewe, kutokana na faili la kwanza inalolikuta kwenye folda. La kwanza lilikuwa la samani. Sasa inamkataa kila mgonjwa asiye na droo. Ukali huo ndio uliokuwa unakosekana. Nimempigia mama mkwe, nikamwambia cheo cha mkuu wa kitengo nimekiacha kwa hiari, ukurugenzi uko njiani.