Asili ya Muhuri wa Pili

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mkurugenzi mpya, binti mdogo kuliko viatu vyangu, anataka kujua kwa nini kila barua ya ofisi yetu ya maji inagongwa mihuri miwili. Wa kwanza mapokezi, wa pili kwangu. Miaka ishirini na miwili nagonga. Mkono huu ungekuwa nyundo, ungejenga daraja! Anasema kila desturi ina sababu iliyoizaa. Sababu ikifa, desturi izikwe. Ijumaa nilete asili ya muhuri wangu. La sivyo, kazi sina.

Jumanne, 5 Machi
Historia itanishinda mimi? Shule niliacha darasa la sita kwa kuwa nilishamaliza kujua. Nimetunga kumbukumbu za kikao cha waasisi, kwenye karatasi ya ofisi: pasipo muhuri wa pili, mabomba yatakauka! Nikaichovya kwenye chai, nikaianika kambani. Kufika adhuhuri imezeeka miaka hamsini. Mke wangu kauliza hiyo ni nguo ya nani. Nikamwambia, mama watoto, hiyo ndiyo riziki yetu.

Jumatano, 6 Machi
Lahaula! Bi Masjala, mtunza mafaili, adui yangu tangu aninyime kiti chenye mgongo, kaiona karatasi yangu, kacheka mpaka kashika meza. Eti mjomba, waasisi wako walikuwa na baruapepe? Natazama kichwani mwa karatasi: anwani hiyo, imenikodolea macho! Nikamjibu waliona mbali.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefukua mafaili mwenyewe, nimkomeshe. Nikaipata barua ya kweli! Inasema: Karani wa mapokezi kavunjika mkono, muhuri wake haukolei, atafutwe mtu wa kugonga tena. Kwa wiki mbili. Mtu huyo mimi! Mkono ulipona, karani akastaafu, akafa, nikamlilia msibani. Mimi bado nagonga!

Ijumaa, 8 Machi
Nilitaka kuimeza ile barua. Bi Masjala kaninyang'anya, kampelekea mkurugenzi. Naye kafurahi! Eti hivyo ndivyo ofisi zinavyokua: dharura inakaribishwa kwa siku mbili, inaota mizizi. Muhuri wa pili umefutwa. Nami nipo masjala, chini ya yule mama, nitafute asili ya desturi nyingine. Kwa muda tu, kasema. Wiki mbili.

Wiki mbili! Wamekwisha hao. Nimeshaleta mto wa kukalia. Na kambani inakauka karatasi mpya: waasisi wakiamuru masjala isikose mjomba. Safari hii baruapepe nimeikata kwa mkasi.